Mgonjwa Hatembelewi kwa Simu

  

Ndugu Waislamu, tunaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe, kwani anayezungumzia kasoro za watu huku akiificha yake hastahiki kusikilizwa. Msimu wa mvua uliopita, kijana mmoja wa jamaa ya msikiti wetu hapa Segese aliangukiwa na kifusi akiwa ndani ya duara, akavunjika mguu. Kijana huyu ni mgeni. Ametoka Kigoma kutafuta riziki machimboni, kama walivyotoka mbali wengi wanaosali nasi, na alikuwa akiishi peke yake katika chumba cha kupanga. Khabari zake zililetwa katika kundi la WhatsApp la msikiti baada ya Swala ya Adhuhuri. Kabla ya Alasiri, watu zaidi ya sabini walikwishajibu. Huyu kaandika dua, yule kaweka alama ya mikono iliyonyanyuliwa, mwengine kasema "tuko pamoja". Nasi tuliandika dua ndefu ya Kiarabu, tena kwa irabu zake zote, tukaiweka simu chini na kuendelea na darasa, hali tumeridhika kwamba haki ya ndugu yetu tumekwishaitekeleza.

Siku ya tisa alikuja madrasa mama mmoja wa Kisukuma, asiyekuwa Muislamu, mwenye nyumba anamopanga kijana yule. Hakuja kulaumu. Alikuja kuuliza tu: "Mwalimu, yule mtoto hana watu?" Kwa siku tisa yeye ndiye aliyempikia uji, ndiye aliyemtekea maji, na hakumwona mtu hata mmoja wa msikiti akipiga hodi. Hatukuwa na jawabu. Simu ilikuwa mfukoni mwetu, na zile dua sabini zilikuwa bado zimo ndani yake.

Tulikwenda jioni ile ile. Kutoka msikitini hadi chumbani kwake ni mwendo wa dakika kumi na mbili. Kijana alitupokea kwa furaha, wala hakutulaumu. Alisema dua zote alizisoma, na anashukuru. Kisha akasema neno moja ambalo hatujaweza kulisahau: "Ustadhi, kila simu ilipolia, nilikuwa nautazama mlango."

Ndipo tulipojiuliza suali ambalo tungependa kila jamaa ijiulize: je, mitandao hii ya kijamii inawakutanisha watu kwa kweli, au inawapa tu raha ya kudhani kwamba wamekutana?

NEEMA TUSIYOIKANA

Tusieleweke vibaya. Hatukushika kalamu kuharamisha simu wala intaneti. Wanazuoni wetu wa islahi hawakuogopa vyombo vya zama zao. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotaka kuwazindua Waislamu wa Pwani, alitoa gazeti la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932. Chombo hupimwa kwa kazi kinayofanya.

Nasi tumeionja neema ya mitandao hii. Vita vilipozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, katika mji ule tuliosomea, usiku kucha tulikuwa tukifuatilia jumbe za wenzetu waliokuwa bado masomoni. Jumbe zile zilikuwa fupi: tuko jengo fulani, maji yapo kwa fulani, njia fulani isipitwe. Hatimaye Watanzania, wengi wao wanafunzi, walitolewa kwa njia ya barabara hadi Ethiopia, wakarejeshwa nyumbani kwa ndege kabla ya mwezi ule kwisha. Hapa Segese pia, mara ngapi mchango wa sanda au wa nauli umekusanywa kwa simu kabla jua halijatua? Hayo ni mawasiliano ya kweli, wala hayakanushiki.

Lakini tuzingatie jambo moja. Jumbe za Khartoum zilikuwa na thamani kwa sababu kila mmoja ulimalizikia katika kitendo: mtu alifungua mlango, mtu aligawa maji, mtu alipanda basi. Ujumbe ulikuwa njia, na mwisho wa njia palikuwa na mtu anayesubiri. Kosa letu kwa yule kijana ni kwamba tuliifanya njia kuwa ndio mwisho wa safari.

KUWASILI NA KUWASILIANA

Waarabu wa leo huiita mitandao hii kwa jina la at-tawaasul al-ijtimaai. Neno tawaasul asili yake ni wasala, kuunga au kufika, na katika asili hiyo hiyo ndimo lilimotoka neno silaturrahim, yaani kuunga udugu wa damu. Kiswahili nacho kimelichukua neno hilo: twasema mgeni amewasili, na kutokana na kuwasili tukapata kuwasiliana. Basi kwa lugha yetu wenyewe, watu wanaowasiliana ni watu wanaofikiana. Je, sisi na kijana yule, kwa siku tisa zile, ni nani aliyemfikia mwenzake?

Tazama pia haki tano za Muislamu juu ya nduguye, ambazo Maimamu Bukhari na Muslim wamezipokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.): kuitikia salamu, kumtembelea mgonjwa, kufuata jeneza, kuitikia mwaliko, na kumuombea rehma anayepiga chafya. Katika tano hizi, mbili hutimizwa kwa ulimi. Tatu zilizobaki zinataka miguu. Hakuna jeneza linalofuatwa kwa kidole. Na hiyo ziara ya mgonjwa, Waarabu huiita iyada, neno lenye maana ya kurejea ndani yake, kana kwamba lugha yenyewe inatufundisha kuwa aliyekwenda mara moja bado hajamaliza.

Wapo wanazuoni walioihesabu ziara ya mgonjwa kuwa ni fardhi ya kutoshelezana: wakiitekeleza baadhi, wengine huwa wamesalimika, wakiiacha wote, wote hupata dhambi. Hapa ndipo penye mtego wa kundi la simu. Tangu mwaka 2022, kundi moja la WhatsApp laweza kubeba watu hadi 1,024. Kila mmoja anaposoma majibu ya wenzake, hudhani kwamba kwa wingi huu hapana shaka wako waliokwenda. Hivyo wote hubaki majumbani mwao, kila mmoja akimtegemea mwenzake, na mgonjwa anautazama mlango. Zamani, asiyekwenda kumwona mgonjwa alijua kwamba hakwenda, na moyo wake ulimsuta. Leo anaandika neno moja, na moyo unanyamaza. Hiyo ndiyo khatari tunayoikusudia.

Wala tusidhani kuwa mtego huu umetokea kwa bahati mbaya. Facebook iliyoanza mwaka 2004, ambayo mwaka 2014 ilitangaza kuinunua WhatsApp, huishi kwa fedha za matangazo, na bei ya tangazo hutokana na macho yanayokitazama kioo. Mwenye duka hili hapati kitu pale unapofunga simu ukaenda kumjulia hali jirani yako. Faida yake ni ubaki pale pale, uandike, uongeze alama ya kupendezwa, kisha urudi kuangalia ni wangapi waliopendezwa nawe. Basi mwenye kungoja chombo hiki kimwambie "sasa inuka uende" atangoja sana.

MWANO WA WENYEJI WETU

Wenyeji wetu Wasukuma wana jambo wanaloliita mwano. Ni ukelele wa hadhari: boma moja likiupiga, boma la pili huupokea na kuupeleka kwa la tatu, hata eneo zima likapata khabari kwa muda mfupi. Walinzi wa jadi wa Sungusungu walipojitokeza mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika maeneo haya ya Kahama na jirani zake, mwano ndio uliokuwa mtandao wao. Hatusemi kwamba kila walilolifanya lilikuwa la haki. Tunachokitazama ni sharti moja la mwano: aliyeusikia hana budi kutoka, na asiyetoka bila udhuru hutozwa faini. Haikuwahi kutosha mtu kuupokea mwano kwa sauti, akaupeleka kwa jirani, kisha akarudi kulala. Sisi leo tunaupokea mwano, tunausambaza kwa makundi matano, na tunalala.

Zaidi ya hayo, mtu anayetoka na kwenda huyaona mambo kwa macho yake. Mikoa yetu hii inaijua bei ya uvumi. Kwa miaka mingi vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi ushahidi uliowatosha wauaji ulikuwa ni macho mekundu. Lau mmoja wao angeingia jikoni mwa bibi yule, akakaa naye kwa muda wa kuiva sufuria moja, angeuona moshi uliyoyafanya macho yale kuwa mekundu. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inatuamrisha tuihakiki khabari tunapoletewa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, kisha tukabaki na majuto. Ulimwengu wa simu nao umeyaonja majuto hayo: mwaka 2018 watu waliuawa huko India kwa uvumi uliosambazwa kwa WhatsApp, na Januari 2019 kampuni yenyewe ikaweka mpaka duniani kote, ujumbe mmoja usisambazwe kwa zaidi ya makundi au watu watano kwa mara moja. Ikiwa mwenye chombo ameona haja ya kukiwekea breki, sisi wenye Aya hiyo tunangoja nini?

SIKU AMBAZO INTANETI HAIKUWEPO

Hatuingii katika siasa kwa kulitaja tukio hili, bali tunalitaja kwa ibra yake. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilikatwa nchini, na siku kadhaa zikapita kabla haijarejea. Kundi letu la msikiti lilikuwa bubu. Tulipotaka kujua hali za watu wetu, tuligundua jambo la kufedhehesha: wapo ndugu tuliokuwa tukisalimiana nao kila asubuhi kwa mwaka mzima, na hatujui nyumba zao. Tunayajua majina waliyojiandikia katika simu na picha za misikiti mitakatifu wanazoziweka, lakini hatujui wanaishi mtaa gani, wala watoto wao ni wangapi. Waliojulikana siku zile ni wale tunaosimama nao bega kwa bega katika Swala ya Alfajiri. Wale tuliwafikia kwa miguu kabla ya jua kupanda.

TUFANYE NINI?

Hatuwaambii watu wavunje simu zao. Tunawaomba viongozi wa misikiti na jamaa zote wayazingatie mambo manne, ambayo sisi tumekwishayaanza.

Kwanza, khabari ya mgonjwa au ya msiba isiwekwe katika kundi ila iwe na majina ya watu watatu watakaokwenda siku hiyo hiyo, na jioni wao ndio watakaoleta khabari ya walichokikuta: ana chakula? ana dawa? nani analala naye?

Pili, anayetaka kuandika dua kundini aandike, kwani dua ni kheri, lakini asiihesabu kuwa ni ziara. Kwa aliye mbali, sauti ni bora kuliko maandishi. Mzazi aliyeko Kigoma au Tabora anastahiki kuisikia sauti ya mwanawe, na asiwe mtu wa kutumiwa picha ya "Ijumaa Njema" ambayo mtoto mwenyewe katumiwa na mwengine na wala hakuisoma.

Tatu, kila Ijumaa baada ya Swala, imamu aulize kwa sauti: nani hatujamwona wiki hii? Jamaa yetu ni ya wachimbaji. Watu huingia na kutoka, na mgeni huugua kimya kimya. Suali hilo halihitaji bando.

Nne, tuzijue nyumba. Kila mwenye kuswali nasi awe na mtu mmoja angalau anayekijua chumba chake na mwenye nyumba wake. Na wenye nyumba hao, hata wasiokuwa wa dini yetu, tuwasalimu na tuwashukuru. Mama yule wa Kisukuma hayumo katika kundi letu, wala hakuandika neno. Alibeba bakuli la uji akavuka uwanja, na kwa bakuli lile alitutangulia sote.

Kijana wetu sasa anatembea kwa fimbo, na Alhamdulillah ameanza tena kuhudhuria darasa. Ndugu msomaji, ukimaliza kuusoma ukurasa huu, mkumbuke mtu mmoja ambaye umemwandikia "pole" mwezi huu na hujaiona sura yake. Nenda kwake leo kabla ya Magharibi.

Tunamuomba Allah (s.w.) atusamehe tuliyoyapunguza katika haki za ndugu zetu, na azijaalie nyayo zetu ziyafuate maneno yetu. Wabillahi tawfiq.