Petroli inalala wapi?

Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA hutangaza bei mpya za mafuta, na kwa siku mbili tatu Pwani nzima hatuna mazungumzo mengine. Bei tunaijua hadi senti. Lakini petroli ikishanunuliwa inalala wapi, hilo sijasikia kiongozi akilijadili.

Nimelifikiria sana tangu nilipokwenda Njoro, huko Nakuru, kufuata mbao. Tangu Rais Ruto atangaze pale Molo, Julai 2023, kuondolewa kwa marufuku ya ukataji miti ya 2018, mbao ni gumzo upande ule. Vijana niliowakuta wakipasua magogo kwa misumeno ya injini hununua petroli ya siku moja kwenye chupa za soda. Oili wanatia kwa jicho: rangi ikigeuka, basi. Inayobaki inaingia nyumbani, chumba kimoja chenye jiko la makaa, na baridi ya Njoro usiku si mchezo.

Injini hizi za mipigo miwili hazina oili yake ya kando. Inayochanganywa na petroli ndiyo inayoilainisha. Oili nyingi za kisasa huenda 50 kwa 1, yaani mililita 100 kwa lita 5 za petroli, ila kitabu cha mashine ndicho hakimu. Ikipungua, pistoni inakwama. Ikizidi, moshi na plagi chafu. Na oili ya boti, iliyotengenezewa injini inayopozwa kwa maji, usiitie kwenye msumeno unaopozwa kwa upepo. Changanya ya kutosha mwezi mmoja tu, petroli nayo huchacha.

Hayo ni hasara ya mfuko. La roho ni hili: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupai juu, hutambaa sakafuni mpaka ukutane na moto.

Upande ule wanaujua msiba huu. Tarehe 31 Januari 2009, Sachangwan, karibu na Molo, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaja kuchota, moto ukalipuka na zaidi ya 100 wakafa. Inna lillahi. Wengi walisema ni tamaa. Mimi naona ni umaskini zaidi, na umaskini huohuo ndio unaoiweka petroli kwenye chupa ya soda.

Nasi tusijione tuko mbali. Mvuvi wa Vanga au Lamu mwenye mashine ya mipigo miwili huweka petroli kwenye mtungi uliokuwa wa mafuta ya kupikia, uvunguni mwa kitanda wanapolala watoto. Ukimuuliza kwa nini hauachi bandarini, atakwambia utaibiwa, na ana haki.

Kaunti zetu zimewahi kuwagawia wavuvi boti na mashine, picha zikapigwa. Mashine ile ingekuja na kidumu madhubuti cha petroli na kikombe cha kupimia oili. Bandari nayo ipate kibanda cha mawe chenye matundu chini ukutani mvuke utoke, mbali na majiko, kufuli lake kwa mzee wa bandari. Gharama yake ni ndogo mno kando ya mashine moja.

Basi kikao cha maoni ya bajeti ya kaunti kikiitishwa, wavuvi waende, waulize kibanda hicho kiko ukurasa gani.