Mdaiwa si Mwizi

Wakopeshaji wa nchi hii wana methali mbili wanazozipenda kuliko Maandiko. Ya kwanza yasema dawa ya deni ni kulipa; ya pili, kwamba kukopa ni harusi na kulipa ni matanga. Ukizisikia kutoka kwa nyanya yako akikuonya usichezee mali ya watu, hiyo ni hekima. Lakini ukizisikia kutoka kwa benki iliyokutilisha sahihi mkataba wa Kiingereza ambao hata wakili huusoma mara tatu kabla ya kuuelewa, basi jua methali imenyakuliwa kama ilivyonyakuliwa ardhi ya umma. Maana yake imegeuzwa iwe hii: aliyeshindwa kulipa ni mwizi, au mvivu, au mpenda anasa, na anachostahili ni dalali wa mnada, aibu mbele ya majirani, na kifungo cha madai.

La kusikitisha ni kwamba tuhuma hiyo huhubiriwa hata mimbarini. Jumapili tunaomba Sala ya Bwana, ambayo katika baadhi ya tafsiri za Kiswahili inataja deni na wadeni waziwazi, bila kujificha nyuma ya neno jingine. Jumatatu muumini yule yule anayeuziwa ng'ombe wake huambiwa akatubu uzembe.

Ndugu wapenda mageuzi, jibu bora nililopata kulisoma dhidi ya tuhuma hiyo liliandikwa mbali na hapa, na mwalimu wa sheria wa Marekani aitwaye Elizabeth Warren, ambaye baadaye aliingia katika Seneti ya nchi yake. Simleti kwenu kama mtakatifu wala siitangazi Marekani kuwa kanisa la demokrasia. Namleta kwa sababu katika nchi yetu neno “profesa” limechafuka. Tangu zama za chama kimoja tumewaona wasomi waliotoka chuoni wakiwa simba na kufika serikalini wakiwa kasuku. Ni haki kuuliza kama njia ile inaweza kutembewa kwa namna nyingine.

Warren alizaliwa Oklahoma mwaka 1949. Alipokuwa na umri wa miaka 12 baba yake alipata ugonjwa wa moyo, mapato yakapungua, gari la familia likachukuliwa, na nyumba ikanusurika tu kwa kuwa mama alitoka kwenda kupokea simu katika kampuni ya Sears kwa mshahara wa kima cha chini. Binti aliolewa mapema, akafundisha watoto wenye mahitaji maalumu, akasomea sheria Rutgers na kuhitimu 1976 akiwa tayari mama. Akafundisha Houston, Texas, Pennsylvania, na tangu 1995 Harvard. Hayo ni ya wasifu, na wasifu wa kupanda ngazi umejaa kila mahali. Nitakaa zaidi juu ya mafaili.

Mwaka 1978 Marekani ilitunga sheria mpya ya kufilisika, iliyompa mtu wa kawaida nafasi ya kufutiwa madeni na kuanza upya. Punde wenye kutoa mikopo wakaanza kulia kwamba wajanja wanaitumia sheria hiyo kukwepa kulipa. Warren mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba alipouanza utafiti wake alitarajia kuwanasa wajanja hao. Yeye na wenzake wawili, Teresa Sullivan na Jay Westbrook, hawakukaa maktabani kubishana juu ya nadharia. Walikwenda kwenye mahakama za Illinois, Pennsylvania na Texas, wakisafiri na mashine yao ya kunakilia, wakafungua mafaili ya watu waliotangazwa muflisi mwaka 1981, zaidi ya 1,000, wakahesabu: huyu alikuwa na kazi gani, ana nyumba au hana, anadaiwa na nani, anapata kiasi gani.

Wajanja hawakuonekana, isipokuwa wachache. Waliokuwamo mafailini ni walimu, makarani, madereva, wafanyabiashara wadogo, wenye nyumba zao, watu ambao mwananchi wa kawaida angewatambua kama jirani zake. Utafiti huo na ule uliofuata ulionyesha sababu zile zile zikijirudia: kupoteza kazi, maradhi, kuvunjika kwa ndoa. Kitabu walichokitoa mwaka 1989 walikiita “As We Forgive Our Debtors”, maneno waliyoyachukua katika Sala ya Bwana. Sijui kama maaskofu wa huko walikisoma. Wa kwetu ningependa wakisome.

Tazameni uzito wa jambo hilo. Kwa karne nyingi ufukara wa mdaiwa ulielezwa kwa methali, na mwenye kumiliki methali alikuwa mkopeshaji. Hapa amekuja mtu na kusema: acheni methali, leteni mafaili tuhesabu. Na alipohesabu, akakuta dhana yake mwenyewe haisimami, akaiacha. Nawauliza wasomi wetu waliojaa katika kamati na tume: ni wangapi kati yenu mmewahi kuingia masjala ya mahakama ya hakimu, Machakos au Kisii au Kakamega, mkahesabu ni nani wanaouziwa mali na kwa sababu gani?

Wala msidhani takwimu zilimpa ushindi. Mwaka 1995 Warren aliitwa kuishauri tume ya kitaifa iliyopitia sheria za kufilisika. Kwa miaka kumi alipambana na mswada uliosukumwa na mabenki na makampuni ya kadi za mikopo ili kuifunga njia ya kuanza upya. Seneta Ted Kennedy alisimama naye. Rais Clinton aliuacha mswada ufe bila sahihi yake mwishoni mwa mwaka 2000. Ukafufuliwa. Februari 2005 Warren alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti, na mmoja wa waliombana kwa maswali alikuwa Joe Biden, seneta wa Delaware, jimbo ambalo makampuni ya kadi yalilifanya nyumbani kwao. Biden aliuunga mkono mswada. Ukapita, na Rais Bush akautia sahihi Aprili mwaka huo. Wananchi wakakimbilia mahakamani kabla mlango haujafungwa, hata maombi ya kufilisika ya mwaka 2005 yakapita milioni 2.

Ukweli uliohesabiwa vizuri ulishindwa na fedha iliyopangwa vizuri. Wanaharakati wanaoamini kwamba ripoti nzuri inatosha, na kwamba tukiizindua hotelini mbele ya waandishi wa habari kazi imekwisha, na waukariri mwaka huo wa 2005.

Warren alibadilisha silaha. Mwaka 2007 aliandika makala akatoa mfano ambao hata mtoto angeuelewa. Huwezi, alisema, kununua kibaniko cha mkate chenye uwezekano wa mmoja kwa tano wa kulipuka na kuiteketeza nyumba, kwa kuwa serikali hukagua vibaniko. Lakini waweza kuuziwa mkopo wa nyumba wenye uwezekano huo huo wa kuitupa familia yako barabarani, na hapana anayekagua. Akapendekeza iundwe idara moja ya kukagua mikopo. Hoja yake ya kisheria ilikuwa kali kuliko mfano wenyewe: kazi ya kuwalinda wakopaji ilikuwa imetawanywa miongoni mwa wasimamizi ambao wajibu wao wa kwanza ulikuwa uzima wa mabenki, na kwa msimamizi wa namna hiyo faida ya benki ni dalili ya afya hata kama imetokana na kumkamua mjane.

Mwaka 2008 nyumba ya kadi ikaanguka. Bunge la Marekani liliidhinisha dola bilioni 700 za kuokoa taasisi za fedha, na Warren akawekwa kuongoza jopo la kusimamia matumizi yake. Julai 2010 Rais Obama alitia sahihi sheria iliyounda idara ile aliyoipendekeza, ijulikanayo kwa herufi CFPB. Warren ndiye aliyepewa kazi ya kuijenga.

Kuwa mkurugenzi wake hakuruhusiwa. Mei 2011 maseneta 44 wa chama cha Republican waliandika kwamba hawatamthibitisha mtu yeyote mpaka idara ipunguzwe makali, na Obama akamteua mwingine, Richard Cordray. Kwa desturi yetu, hapo profesa angeomba ubalozi. Yeye alirudi Massachusetts kuomba kura, na Novemba 2012 akamshinda Scott Brown na kuwa mwanamke wa kwanza kuliwakilisha jimbo hilo katika Seneti. Aliyemwapisha Januari 2013, kwa wadhifa wake wa makamu wa rais, alikuwa Joe Biden yule yule. Siasa ina vituko.

Aliwekwa katika kamati ya mabenki. Septemba 2016 benki ya Wells Fargo ilitozwa dola milioni 185, milioni 100 kati yake na CFPB, kwa kosa la wafanyakazi kufungua mamilioni ya akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Watumishi 5,300 walikuwa wamefukuzwa, wengi wao wa ngazi za chini. Mkuu wa benki alipofika mbele ya kamati, Warren alimuuliza ni senti ngapi amerudisha na ni mkubwa gani aliyefukuzwa, akamwambia ajiuzulu. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa amejiuzulu. Hilo ndilo bunge linapofanya kazi: mtumishi wa dirishani hakuachwa abebe dhambi ya ghorofa ya juu peke yake.

Kasoro zake zipo, na adui zake wamezitangaza vya kutosha. Kwa miaka alijiorodhesha kuwa na asili ya wenyeji wa kwanza wa Marekani, dai ambalo watu wa Cherokee walilikataa, na mwaka 2019 aliwaomba radhi. Alipokuwa profesa alilipwa kwa kuyashauri makampuni katika kesi za kufilisika. Alipogombea urais mwaka 2020 alimaliza wa tatu katika jimbo lake mwenyewe. Yote ni kweli, na hakuna hata moja kati ya hayo linalobadilisha hesabu ya mafaili ya 1981.

Lililo muhimu zaidi kwetu ni mfuko. CFPB haikuwekwa chini ya bajeti inayojadiliwa na Bunge kila mwaka. Fedha zake zilitoka katika Benki Kuu ya nchi hiyo, hadi asilimia 12 ya gharama za benki hiyo. Wakopeshaji wa mikopo ya muda mfupi walikwenda hadi Mahakama ya Juu kudai kwamba mpango huo unavunja katiba, na Mei 2024 wakashindwa kwa majaji 7 dhidi ya 2. Katika muda huo idara ilikuwa imewarudishia wananchi karibu dola bilioni 20. Basi wakatafuta njia nyingine. Februari 2025 serikali ya Trump iliiamuru isimamishe kazi na kufunga makao yake, na Julai mwaka huo sheria ikapunguza kiwango kile hadi asilimia 6.5. Adui wa idara waliujua moyo wake uliko.

Sasa tujitazame. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2010 kinawapa watumiaji haki ya huduma bora, ya kupewa habari, na ya kulindwa katika maslahi yao ya kiuchumi. Sheria ya kuwalinda watumiaji ilitungwa mwaka 2012. Iliunda nini? Kamati ya kushauri. Kushauri! Mnyang'anyi huogopa kushauriwa tangu lini? Mwaka 2016 Bunge liliweka kikomo cha riba, tukashangilia. Mabenki yakabana mikopo kwa wadogo, kama wapinzani wa kikomo walivyotabiri, na mwaka 2019 kikaondolewa. Mimi sikilii kikomo; nalia kwamba kilipoondolewa hakikuwekwa mlinzi mahali pake. Kisha wakaja wakopeshaji wa simu, ambao kwa miaka walifanya kazi bila leseni ya mtu yeyote, wakimpigia shemeji yako na mchungaji wako kuwatangazia deni lako, mpaka sheria ya 2021 na kanuni za 2022 zilipowapiga marufuku kufanya hivyo. Kazi ya kuwachunga ilipewa Benki Kuu ya Kenya, msimamizi yule yule ambaye pia ana wajibu wa uthabiti wa mabenki. Ni kosa ambalo Warren alilieleza mwaka 2007.

Nawaomba wakereketwa na waumini wafanye kazi mbili zisizohitaji mfadhili. Kila parokia na kila usharika una vijana waliosoma ambao hawana ajira. Waende masjala, waombe ruhusa, wahesabu amri za mnada na za kifungo cha madai, waandike kiasi cha deni la awali na kiasi kilichodaiwa mwisho. Sheria yetu ya mabenki inakataza riba kupita deni lenyewe baada ya mkopo kuacha kulipwa. Hesabu hiyo itaonyesha ni nani anayeivunja.

Na wagombea wa 2027, maprofesa wakiwa mbele, watakapofika kanisani na bahasha za harambee, waulizwe mbele ya waumini: utapigania idara ya kuwalinda wakopaji iliyo huru na Benki Kuu, ndiyo au la? Fedha zake zitatoka wapi, na ni nani atakayekuwa na uwezo wa kuzikata? Jibu liandikwe katika daftari la kanisa, kwa tarehe na kwa jina, kabla bahasha haijapokelewa.