Programu za Hospitali Nazo Zipimwe Kabla ya Kumfikia Mgonjwa

Kati ya mwaka 1985 na 1987, wagonjwa sita nchini Marekani na Kanada walipigwa mionzi kupita kiasi na mashine ya tiba iitwayo Therac-25. Baadhi yao walifariki. Mwanzoni mtengenezaji alishikilia kuwa jambo hilo haliwezekani. Uchunguzi ulibaini, pamoja na mengine, kwamba kazi mbili za programu zilizokwenda sambamba ziligongana katika kutumia data zilezile.

Mgongano wa aina hiyo hauhitaji mashine ya mionzi. Mathalani, hospitali ya Temeke au Kinondoni ina madirisha mawili ya dawa yanayohudumiwa na programu moja, kila dirisha kwa mkondo wake wa kazi, ambao wataalamu huuita uzi. Stoo ina paketi 10. Dirisha moja linatoa 3, jingine 4, kwa wakati uleule. Nyuzi zote mbili zikisoma 10 kabla ya yoyote kuandika, kompyuta itaonyesha 7 au 6, ilhali rafuni zimebaki 3. Mgonjwa anayefuata huahidiwa dawa ambayo haipo, na ukaguzi ukija, mfamasia hushukiwa wizi.

Kosa hili hutokea kwa nadra, kisha hutoweka. Majaribio ya kawaida huweza kulikosa. Kinga mojawapo imo katika kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya mtunzi kuwa lugha ya mashine. Kompaila ya lugha ya Rust, iliyotoa toleo lake la 1.0 mwaka 2015, kwa kawaida hukataa kazi ambayo uzi mmoja unaweza kubadili data inayosomwa na mwingine bila ulinzi kama vile kufuli ya kupokezana zamu. Ni sawa na kulinganisha damu maabara: haiongezwi kwanza ndipo ikapimwa.

Kinga hiyo ina mipaka. Programu ikisoma idadi, ikaachia kufuli, kisha ikaandika baadaye, kompaila haitaona kosa. Majaribio yabaki palepale.

Hata hivyo, hospitali inaponunua programu, inapaswa kuuliza ni makosa gani hukataliwa kabla haijaanza kutumika. Nao watumishi waandike saa na dirisha kila hesabu zinapopishana, na kabla ya mfamasia kutuhumiwa, programu ichunguzwe kwanza.