Kipimo cha Damu Hai Kisichopima Kitu

Kidole kinatobolewa, tone la damu linawekwa kwenye kioo, kioo kinasogezwa chini ya hadubini. Muda si muda mteja anaiona damu yake mwenyewe kwenye skrini ya ukutani: chembe nyekundu zinaelea, chembe nyeupe zinajivuta polepole, vinukta vinametameta gizani. Mwenye hadubini ananyoosha kidole na kuanza kusoma. Hizi zimeshikana, mwili una tindikali nyingi. Hizi zimeota miiba, ini limechoka. Ule weupe pale ni fangasi. Mteja anatoka na mfuko wa virutubisho pamoja na tarehe ya kurudi.

Huduma hiyo huitwa uchunguzi wa damu hai. Imetangazwa Ulaya na Marekani kwa miaka mingi, na inastahili kukataliwa waziwazi.

Hadubini yenyewe haina kosa. Mwanga wa pembeni, unaofanya vitu ving'ae kwenye giza, ulitumika tangu mwanzoni mwa karne ya 20 kutafuta vijidudu vya kaswende. Damu mbichi isiyotiwa rangi bado huchunguzwa katika utafutaji wa ugonjwa wa malale, kwa sababu vimelea vyake huonekana vikijinyonganyonga kati ya chembe. Ni vimelea vya jamii hiyohiyo ambavyo Aldo Castellani aliviona Entebbe, Uganda, zaidi ya miaka 120 iliyopita, katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Mtaalamu wa maabara hapo anatafuta kitu kimoja kinachojulikana, na mwenzake akiinama kwenye hadubini hiyohiyo atakiona.

Wasomaji wa damu hai wana asili nyingine. Wengi wao wanafuata mafundisho ya Günther Enderlein, Mjerumani msomi wa wanyama, ambaye mwaka 1925 alichapisha kitabu chake kuhusu mizunguko ya bakteria. Aliamini kuwa ndani ya damu ya kila mtu wamo viumbe wadogo wasio na madhara, ambao mwili ukiharibika hugeuka kuwa bakteria, kisha fangasi. Sayansi iliiacha nadharia hiyo zamani. Bakteria hageuki kuwa fangasi.

Basi kwenye skrini kunaonekana nini? Chembe nyekundu zilizopangana kama sarafu huonekana pale tone linapokuwa zito au linapokaa kidogo kabla ya kutazamwa. Ni kweli kwamba protini zikizidi kwenye damu, kama inavyotokea katika baadhi ya magonjwa, chembe hushikana vilevile, lakini daktari hathibitishi hilo kwa tone la kidoleni lililobanwa kati ya vioo viwili. Miiba hutokea chembe zinapoanza kukauka au zinapogusana na kioo. Vumbi na uchafu wa ngozi hung'aa vizuri sana gizani. Kwa hiyo mteja akinywa glasi ya maji ya alkali, akatobolewa tena, na tone la pili likatandazwa jembamba zaidi, chembe zitaonekana zimeachana na yeye ataamini kuwa amepona mbele ya macho yake.

Watafiti walilipima dai la wasomaji hawa kwa haki. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, sampuli 48 za damu ya wagonjwa 24 wa kisukari zilisomwa kwa njia ya Enderlein. Wasomaji walikubaliana kwa kiwango kidogo mno, na damu ya mgonjwa yuleyule iliposomwa tena haikutoa jibu la kutegemewa. Mwaka mmoja kabla, watafiti wa Ujerumani waliwachunguza wagonjwa 110, ambao 12 kati yao walikuwa na saratani iliyosambaa. Hadubini iliwatambua 3. Wengine 9 wangeambiwa warudi nyumbani wakapumzike.

Hapo ndipo hasira inapokuwa halali. Robert O. Young wa California, mwandishi wa vitabu vilivyouzwa sana kuhusu tindikali ya mwili, alifundisha usomaji wa damu hai na kuwatundikia wagonjwa wa saratani dripu za magadi soda. Mmoja wao, ofisa kijana wa jeshi la Uingereza, alitozwa zaidi ya dola 70,000 na akafariki mwaka 2012 akiwa na miaka 27. Mwaka 2016 Young alitiwa hatiani kwa kutibu bila leseni. Mwaka 2018 juri la San Diego liliamua amlipe mwanamke mwingine dola milioni 105, kwa kuwa alimshawishi aachane na tiba ya hospitali huku saratani yake ya matiti ikisambaa. London nako, mwaka 2014, msomaji wa damu hai wa mtaa wa Harley Street alipigwa faini ya pauni 9,000 chini ya Sheria ya Saratani ya mwaka 1939.

Wanaokwenda kwa wasomaji wa damu hai si wajinga. Hospitalini wamepewa karatasi ya FBP, yaani kipimo cha jumla cha chembe za damu, iliyojaa herufi na namba, bila mtu wa kuwaeleza. Msomaji wa damu hai anakaa nao saa nzima, anawatazama usoni, anawaonyesha. Hospitali zina la kujifunza hapo. Dakika tano za kumweleza mgonjwa majibu yake zingewanyima wateja wengi wenye skrini hizi.

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, inayoitambua tiba mbadala na kuiwekea baraza la kuisimamia. Lakini anayetoboa kidole na kutangaza ugonjwa amefanya kazi ya maabara, na anapaswa kusimamiwa kama maabara, hata bango lake likiandikwa ushauri wa lishe. Mamlaka inaweza kumpa mtihani rahisi kabla ya kibali: damu ya watu kumi, kila mmoja matone mawili, yaliyochanganywa bila majina, naye aseme yapi ni ya mtu mmoja na nani kati yao anaumwa nini. Akishindwa, asiruhusiwe kutoza hata shilingi kwa majibu hayo.