Paka na Kitoweo cha Samaki



Vijana wa chuoni wameuliza mambo mawili. La kwanza, je, samaki ni chakula kimfaacho paka? La pili, je, si israfu kumpa mnyama kitoweo, hali ya kuwa jirani hana? Maswali haya ni mema, na yote mawili yastahili jawabu.

Katika mkoa wetu wa Singida paka hafugwi kwa kuwa pambo. Hulinda mtama, uwele na alizeti tulizoweka akiba, panya wasiziharibu. Mwenye kufanya kazi ana haki yake. Mtume (s.a.w.) alitupa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie wadudu wa ardhini. Zingatieni: njia zilikuwa mbili, kumlisha au kumwachia. Basi mtoto amfungaye paka kamba amekwisha kuifunga njia ya pili, na imemlazimu ya kwanza.

Ama samaki, ni chakula kizuri. Paka ni mla nyama kwa maumbile yake, hawezi kuishi kwa ugali mtupu. Ndani ya nyama na samaki mna kitu kiitwacho taurini. Paka akikikosa kwa muda mrefu aweza kupofuka, au moyo wake ukadhoofika. Kwa hiyo perege na kambale wa Ziwa Kitangiri, huko Iramba, na dagaa wa Ziwa Viktoria wauzwao sokoni, wote wamfaa, lakini kwa masharti manne.

Kwanza, wapikwe. Baadhi ya samaki wakiwa wabichi wana kitu kiharibucho vitamini B1 mwilini. Mwaka 1932 huko Minnesota, Marekani, mbweha waliofugwa kwa ajili ya ngozi zao walilishwa samaki wabichi, wakapooza na kufa. Moto hukiondoa kitu hicho. Hata wafugao fereti, mnyama wa Ulaya aliye wa jamii moja na kicheche wetu, huonywa hivyo hivyo.

Pili, samaki wasiwe chakula chake cha pekee kila siku. Mafuta ya samaki yakizidi na vitamini E ikapungua, mafuta ya mwili wa paka huvimba, yakawa ya manjano na yenye maumivu.

Tatu, miiba iondolewe, isije ikamkwama kooni au kumtoboa utumbo.

Nne, asipewe mchuzi wetu. Singida ina sifa ya vitunguu, na ni chungu gani hakivitii? Lakini vitunguu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu damu ya paka; na chumvi nyingi haimfai. Basi mama atenge fungu la paka kabla ya kuunga. Dagaa nao waoshwe mchanga, kisha wachemshwe katika maji matupu.

Tuje kwenye israfu. Hapana aliyetuamrisha kumnunulia paka samaki. Ngozi na vinofu vilivyobakia kichwani, ambavyo vingetupwa jaani, vyamtosha pamoja na panya awakamatao. Haki ya jirani ni kubwa, lakini haitimizwi kwa kumnyima paka makombo. Hutimizwa kwa kumgawia jirani katika chungu chenyewe. Na asiye na kitu amwachie paka huru, amwekee maji. Sahaba Abu Qatada alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe, wala jambo hilo halikumgharimu hata senti. Tena mjihadhari na sumu ya panya: panya aliyeila humdhuru paka amlaye.

Neno la mwisho kwa vijana wapendao kunasa kicheche au nguchiro porini wawafuge. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu jambo hilo bila ya kibali. Waacheni huko huko waliko. Riziki yao haikuwekwa mikononi mwenu. Ya paka mliyemfunga mlangoni ndiyo mtakayoulizwa.

Wabillahi tawfiq.