Wasomi Wetu, Vitabu vya Nafsi Viko Wapi?

 

Ndugu msomaji, ukipita nyumba kwa nyumba hapa Mfaranyaki ukauliza kama katika ukoo huo amepata kuwamo mtu aliyeugua maradhi ya akili, au kijana aliyejifungia chumbani miezi kadhaa bila ya sababu inayoonekana, au mama aliyejifungua salama kisha akawa hataki hata kumtazama mwanawe, aghalabu utajibiwa kuwa yumo. Ukiuliza alipelekwa wapi, utaambiwa alianza kwa mganga, akapelekwa kwa msoma ruqya wa kulipwa, na mwisho kabisa, baada ya mbuzi na kipande cha shamba kwisha kuuzwa, akafikishwa hospitali. Ukiuliza tena kama katika nyumba hiyo kipo kitabu chochote cha Kiswahili kinachoeleza maradhi hayo ni kitu gani na mgonjwa ahudumiweje, utatazamwa kama mtu aliyeulizia bei ya samaki msikitini.

Swali hilo la mwisho ndilo tunalotaka kuwafikishia wahusika. Na wahusika tunawajua: ni wasomi wetu. Wapo ndugu zetu waliosoma elimu ya nafsi, ambayo vyuoni huitwa saikolojia, Khartoum, Malaysia, Dar es Salaam na kwingineko. Wapo waliosomea ualimu pale Matogoro, jirani zetu. Wapo waliohitimu Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kilichofunguliwa mwaka 2005 huku sote tukipiga takbira. Wamerudi na vyeti, wamepata kazi, wamejenga. Tunawaombea baraka. Lakini ukurasa mmoja wa Kiswahili, ambao mama wa Lizaboni au Bombambili angeusoma akajua la kufanya usiku ambao mwanawe amepandwa na wahaka, hatujaupokea kutoka kwao.

Hasara ya jambo hili si ya kukisia. Tarehe 30 Januari 1962, chini ya miezi miwili baada ya uhuru wa Tanganyika, wasichana wa shule ya bweni ya Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka na kulia bila ya kuweza kujizuia. Wanafunzi 95 kati ya 159 walipatwa, na mwezi Machi shule ikafungwa. Wasichana waliporudishwa makwao, hali ile ikaenea vijijini. Madaktari walichunguza damu, wakachunguza chakula, wasione sumu wala kijidudu. Hatimaye walihitimisha kwamba ni fadhaa ya nafsi iliyoambukizana baina ya watoto walio katika dhiki. Madaktari wawili waliliandika tukio hilo mwaka 1963, kwa Kiingereza, katika jarida la tiba la Afrika ya Kati. Tangu hapo limesomwa Ulaya na Marekani na kutajwa katika vitabu visivyo na idadi. Nasi tuliolizaa? Wasichana wakianguka leo darasani, mwalimu mkuu anaita shehe, mwenzake anaita mchungaji, wazazi wanaita mganga, na kila mmoja anatafuta mchawi. Kisa cha Kashasha, kilichotokea katika nchi yake mwenyewe, mwalimu yule hakijui, kwa sababu hakuna aliyemwandikia.

Tukisema hivi, jibu la kwanza tunalopewa ni kwamba Kiswahili hakina maneno ya elimu hiyo. Jibu hili hutolewa kwa Kiswahili fasaha.

Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934 kwa tarehe ya miladi, aliandika kitabu kiitwacho Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi. Sehemu ya kwanza inahusu mwili, ya pili nafsi. Katika sehemu hiyo ya pili anataja mambo manne makuu yanayoisumbua nafsi ya mwanadamu. Tunaomba msomaji ayasikilize kwa Kiarabu chake: ghadhab, khawf, huzn, na waswas. Je, yupo mtoto wa darasa la pili hapa Mfaranyaki ambaye hajui ghadhabu, hofu, huzuni na wasiwasi? Milango mikuu ya kitabu kilichoandikwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita inasomeka kwa lugha yetu bila ya kutafsiriwa. Nafsi yenyewe ni nafsi, akili ni akili, tabia ni tabia, tiba ni tiba. Na pale ambapo Kiarabu hakikutufikia, wazee wetu walijitungia: mtu husema "ninawaza sana," na kila mwenye kusikia anajua kuwa hazungumzii hesabu za duka.

Al-Balkhi alikwenda mbali zaidi. Aliigawa huzuni mafungu mawili, ile yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na ile inayomjia mtu bila ya yeye kujua imetoka wapi. Na kila fungu akaliwekea matibabu yake. Alimnasihi mwenye siha aweke akibani fikira njema za kuikabili dhiki itakapomjia, kama vile mtu awekavyo dawa nyumbani kwa ajili ya ugonjwa wa ghafla. Sehemu hiyo ya nafsi ilifasiriwa kwa Kiingereza na Profesa Malik Badri wa Sudan, ikachapishwa mwaka 2013. Kwa Kiingereza, ndugu msomaji. Waingereza wameletewa.

Jibu la pili hutoka kwa kundi jingine, nalo ni kali zaidi: kwamba elimu hii ni ya Freud, naye Freud aliidharau dini, kwa hiyo elimu yote ni ya kutupwa. Ni kweli kwamba Freud aliandika mwaka 1927 akiifanya dini kuwa njozi tu ya mwanadamu. Lakini huyo huyo Malik Badri ndiye aliyewakemea wanasaikolojia wa Kiislamu kwa kumfuata Freud kibubusa. Mwaka 1975, katika mkutano wa wanazuoni Waislamu huko Marekani, alisoma makala akiwashabihisha na wale waliotajwa katika hadithi ya shimo la kenge, ambao wangewafuata wenzao hata kama wangeingia humo. Makala ile ikazaa kitabu kilichotoka London mwaka 1979. Badri alisoma Uingereza na kuwatibu wagonjwa kwa mbinu alizojifunza huko, zile alizoona hazigongani na imani yake. Alichagua, akapima, akaandika, mpaka alipofariki mwaka 2021. Nyinyi mnaotaja Freud kila tunapoomba kitabu, mmeandika nini badala yake?

Jibu la tatu halisemwi hadharani, kwa kuwa ni la biashara. Ni la wale wanaotuambia kwamba kila anayeanguka ana jini, na kila jini lina bei. Hawa hupenda kumtaja Ibn al-Qayyim. Nasi tunawaomba waendelee kumsoma mpaka mwisho wa mlango, kwani katika maelezo yake juu ya kifafa aliandika kwamba ni namna mbili: ile itokanayo na pepo waovu, na ile itokanayo na uharibifu wa mwili, ambayo ndiyo wanayoizungumza matabibu. Namna hiyo ya pili wameifuta midomoni mwao, maana haina malipo kwao. Tena ipo hadithi, katika Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyekuwa akianguka, akamwendea Mtume (s.a.w.) kumwomba dua. Akapewa hiari ya kusubiri na kulipwa Pepo, naye akachagua subira, akaomba tu asifunuke nguo anapoanguka, akaombewa. Hamna fimbo katika hadithi hiyo, wala mnyororo, wala moshi wa kufukizwa puani. Kuna mgonjwa aliyesikilizwa na kuhifadhiwa heshima yake. Hatukanushi ruqya iliyothibiti katika sunna. Tunachokikanusha ni mtu asiyejua kutofautisha kifafa na huzuni kuachiwa mgonjwa wetu peke yake ndani ya chumba kilichofungwa.

Historia inatusuta. Tafsiri ya kwanza ya Qur'ani nzima kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1923, na mfasiri wake alikuwa Padri Godfrey Dale wa misheni ya Kianglikana ya UMCA. Ya pili, mwaka 1953, ilikuwa ya Maahmadiyya. Ni mwaka 1969 ndipo ilipokamilika kuchapishwa ile ya Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy. Kwa miaka 46 Mswahili aliyetaka kukifahamu Kitabu chake kwa lugha yake alikisoma kwa kalamu ya wengine. Hata lugha yenyewe, kitabu mashuhuri cha kuifundisha kiliandikwa na Askofu Edward Steere, mwaka 1870. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliliona pengo hili mapema. Huko Mombasa alianzisha Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, akiandika Kiswahili cha kueleweka na mtu wa sokoni. Alikuwa kadhi, alikuwa na darasa, alikuwa na mengi ya kumshughulisha.

Wala tusiende mbali hadi Mombasa. Toka hapa Songea kwa mwendo wa kilomita kama 24 utafika Peramiho, ambako Wabenediktini waliweka misheni tangu mwaka 1898. Walijenga hospitali, na walijenga kiwanda cha uchapaji. Vitabu vyenye jina la Ndanda na Peramiho, vya malezi, vya ndoa, vya kuwaongoza vijana, vimefika katika nyumba nyingi za kusini, na baadhi ya nyumba hizo ni za Waislamu. Kuna miongoni mwetu wanaolalamikia jambo hili. Kwa nini? Wenzetu waliona haja, wakakaa, wakaandika kwa Kiswahili, wakachapa, wakauza kwa bei ya maskini. Aliyekuzuia wewe ni nani?

Twende madrasa, maana huko aibu ni kubwa zaidi. Mtoto anaingia chuoni akiwa na miaka mitano, anatoka na kumi na tano. Anasoma msahafu, alhamdulillah. Mwambie aombe maji ya kunywa kwa Kiarabu, atanyamaza. Vitabu maarufu vya kufundishia lugha hiyo kwa wageni vipo: vile vya Durus al-Lugha al-Arabiyya, vinavyotumika Chuo Kikuu cha Madina, vilitungwa na Dkt. V. Abdur Rahim, mzaliwa wa India aliyefariki mwaka 2023. Ni vitabu vyema, huanza kwa kuonyesha nyumba, msikiti, mlango na kalamu, na kumjenga mwanafunzi hatua kwa hatua. Lakini mtungaji hakuwa akimfikiria mtoto wa Mfaranyaki. Mtoto huyu amekuja chuoni tayari ana mamia ya maneno ya Kiarabu kinywani, na hakuna anayemwonyesha utajiri huo. Hakuna anayemtahadharisha kwamba baadhi ya maneno yamebadilika njiani: hasira kwetu ni ghadhabu, lakini hasra ya Kiarabu ni majuto; taabu kwetu ni shida, lakini taab ya Kiarabu ni uchovu. Hakuna anayemweleza mwalimu kwa nini mtoto aliyezoea ngeli zake za ki- na vi- hushangazwa na lugha inayokifanya kiti kuwa mume na meza kuwa mke. Mwalimu hana kitabu cha mwongozo. Ana bakora, na mtoto anapokosea jinsi ya meza anachapwa.

Pengo hili halikai tupu. Pitia wauza vitabu wa mezani karibu na stendi, utakuta vijana wetu wakinunua vitabu vya kufundishwa mafanikio, vingine vya Kiingereza, vingine vimefasiriwa kwa haraka. Yumo Norman Vincent Peale, mchungaji wa Marekani, na nguvu zake za fikira njema za mwaka 1952. Kimo kile cha Rhonda Byrne cha mwaka 2006, kinachomfundisha kijana kwamba ulimwengu humletea mtu kila anachokifikiria sana. Itikadi yake inapinga tawhidi waziwazi, na kijana anaimeza kwa sababu imeandikwa vizuri. Yumo Robert Kiyosaki na siri zake za utajiri, ambaye mwaka 2012 kampuni yake mojawapo iliomba kinga ya mufilisi. Tunavipiga marufuku mimbarini, na Jumatatu vinanunuliwa tena.

Atakayesema kazi hii inahitaji mamilioni na maprofesa, atazame Harare. Mwaka 2006 daktari wa maradhi ya akili, Dixon Chibanda, hakuwa na jengo wala watumishi wa kutosha. Akawafundisha mabibi wa mtaani kukaa na wagonjwa juu ya benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza kwa utaratibu maalumu. Ugonjwa waliuita kwa jina la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, na hatua ya kwanza ya tiba wakaiita kuvhura pfungwa, kufungua fikira. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida kuu la madaktari wa Marekani, uliowahusisha wagonjwa 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa katika benchi hilo walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kishona ni ndugu wa Kiswahili. Mabibi tunao; wanakaa kila alasiri barazani hapa Mfaranyaki, na watu huwaendea na siri zao hata sasa. Kilichokosekana ni kijitabu cha kuwashika mkono: nini waulize, nini wasiseme, dalili zipi zikionekana mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kijitabu hicho hakizidi kurasa arubaini. Tunawataka ndugu zetu wenye shahada watuandikie, mlango mmoja mmoja, kwa Kiswahili ambacho bibi huyo akisomewa na mjukuu wake ataelewa. Atakayeandika juu ya dawa, kwanza amwonyeshe daktari. Atakayeandika juu ya majini, atupe dalili zake na mipaka yake. Walimu wa madrasa nao watuletee orodha ya makosa ambayo watoto huyarudia kila mwaka, iwe mwanzo wa mwongozo wao. Nafasi ya mlango wa kwanza tumeitenga katika toleo lijalo, nasi tungependa uwe wa huzuni.