Muuguzi akisomea ICU, mwacheni ICU

JICHO LA JUMATANO
Na Bahati Lukindo

Chumba cha wagonjwa mahututi (ICU) kinapozinduliwa, kamera huelekezwa kwenye mashine. Utepe unakatwa, mgeni rasmi anaonyeshwa kitanda kinachopanda na kushuka kwa kubonyeza kitufe, monita inayong'aa, mashine ya kupumulia ambayo bado imevikwa nailoni yake. Ni mambo mema. Katika Sh1.3 trilioni ambazo Tanzania ilikopa mwaka 2021 kukabiliana na athari za UVIKO-19, sehemu ilikwenda kujenga majengo ya dharura na ya ICU. Iko mikoa ambayo mgonjwa wa namna hii alikuwa na njia moja tu, kupakiwa kwenye gari la wagonjwa kwenda hospitali za Muhimbili, Bugando, KCMC au Mbeya, na leo ina vitanda vyake yenyewe. Sina ugomvi na majengo. Nina swali ambalo silisikii likiulizwa siku ya utepe: saa tisa usiku, nani atasimama kando ya kitanda hicho, na amesomea nini?

Niwaeleze kinachotokea mle ndani, maana wengi wetu tunaishia kwenye benchi la nje. Mgonjwa amelazwa kwa dawa za usingizi, mrija umepitishwa mdomoni hadi kwenye njia ya hewa, mashine inampumulia. Kengele inalia: presha ya hewa imepanda. Kengele haisemi kwa nini. Huenda mgonjwa anaung'ata mrija, au umejikunja. Huenda makohozi mazito yameuziba. Huenda umeteleza ukaingia upande wa pafu la kulia peke yake, la kushoto likabaki bila hewa. Huenda pafu limetoboka, na hewa inajaa kifuani na kuubana moyo. Au mashine yenyewe ina hitilafu.

Muuguzi aliyesomea kazi hii hasubiri daktari aamshwe. Anamtoa mgonjwa kwenye mashine na kumpumulia kwa mkono kwa kutumia mfuko wa ambu, na mkono huohuo unampa jibu la kwanza: hewa ikiingia kwa ulaini, atazame mashine, ambu ikiwa ngumu kuminya, shida iko kwenye mrija au kifuani. Anaangalia alama ya sentimita kwenye mrija pale kwenye midomo, kama ni ileile iliyoandikwa kwenye faili. Anasikiliza kifua pande zote mbili. Anapitisha mpira wa kunyonya makohozi, na ukikwama njiani ameshajua. Yote hayo hayamalizi dakika tatu. Ambaye hakufundishwa atafanya kile ambacho mimi na wewe tungefanya: atabonyeza kitufe cha kunyamazisha kengele, kisha akimbilie simu.

Simlaumu. Mafunzo ya awali ya uuguzi, yawe ya stashahada au ya shahada, yanamwandaa mtu kwa wodi zote: wazazi, watoto, upasuaji, afya ya jamii. ICU anaipitia kwa muda mfupi akiwa mwanafunzi, akisimama nyuma ya wenzake watano kuchungulia. Kumpangia zamu ya ICU miezi michache baada ya kupata leseni, peke yake, na wagonjwa watatu wenye mirija, ni kumwonea yeye na kuwaonea hao wagonjwa.

Huduma hii ya wagonjwa mahututi ilianza kwa mikono kabla ya mashine. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, Denmark, ulivamiwa na polio iliyopooza misuli ya kupumua. Mashine za kupumulia za wakati ule zilikuwa chache mno. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, alishauri wagonjwa watobolewe njia ya hewa shingoni na kupumuliwa kwa mfuko wa mpira, wakaitwa wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 waliokaa kwa zamu kando ya vitanda, usiku na mchana, wiki baada ya wiki, wakiminya mifuko ile huku wauguzi wakiwageuza na kuwasafisha wagonjwa. Vifo vilishuka kwa kiasi kikubwa. Mwaka uliofuata Ibsen alifungua wodi maalumu ya wagonjwa wa namna hiyo, na dunia ikaiga. Kilichowaokoa wagonjwa wale ni mtu anayejua la kufanya aliyekaa na mgonjwa mmoja bila kuondoka. Hadi leo Uingereza kiwango chao ni muuguzi mmoja kwa kila mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia, na angalau nusu ya wauguzi wa ICU wawe na sifa ya ziada ya uuguzi wa wagonjwa mahututi waliyoisomea baada ya kusajiliwa.

Kuna watakaosema Uingereza ni Uingereza. Basi tuangalie mambo yasiyohitaji fedha nyingi. Pumzi ambayo mashine humpa mgonjwa mwenye mapafu yaliyojeruhiwa hukadiriwa kwa urefu wake, wala si kwa unene wake, kwa hiyo kifaa cha kwanza ni futi ya fundi cherehani. Utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2000 ulilinganisha pumzi ndogo na zile kubwa zilizozoeleka, na vifo vikashuka kutoka karibu 40 hadi 31 katika kila wagonjwa 100. Mwaka 2013 Wafaransa wakaonyesha kwamba mgonjwa mwenye hali mbaya zaidi ya mapafu akilazwa kifudifudi kwa saa 16 au zaidi kwa siku, vifo ndani ya siku 28 vinashuka kutoka 33 hadi 16 kwa kila 100. Vinapungua nusu, kwa kumgeuza mtu!

Lakini jaribu kumgeuza mtu mzima wa kilo 90 mwenye mrija mdomoni, dripu shingoni, na mpira wa mkojo. Mmoja anasimama kichwani, kazi yake ni kushika mrija tu na kuhesabu kwa sauti. Wengine wanne wanapanga mito chini ya kifua na nyonga ili tumbo lisigandamizwe, wanahakikisha macho yamefungwa na hayajalaliwa, mkono haukuvutwa ukaumiza mishipa ya bega, shuka halina mkunjo utakaokuwa kidonda kesho. Mrija ukichomoka katikati ya zoezi, mgonjwa ana dakika chache tu za kuishi. Hili linafundishwa kwa kulifanya, na mwalimu akiwa pembeni.

Wakati wa korona tuliona gharama ya kutolijua. Utafiti mkubwa wa hospitali 64 katika nchi 10 za Afrika, Kenya ikiwemo, uliochapishwa mwaka 2021, uliwafuatilia zaidi ya wagonjwa 3,000 wenye UVIKO-19 mahututi. Ndani ya siku 30 karibu nusu yao walifariki, wakati wastani wa dunia ulikuwa chini ya theluthi. Waliolazwa kifudifudi walikuwa takriban mmoja kati ya sita wa wale waliokadiriwa kuhitaji. Kitanda kilikuwapo na shuka lilikuwapo. Kilichopungua ni mikono iliyofundishwa.

Na Muhimbili kwenyewe tuna somo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulieleza jinsi wauguzi na madaktari wa ICU walivyopewa utaratibu mwepesi: dalili za hatari zimeandikwa wazi, na kila dalili ina hatua ya kuchukua hapohapo. Presha ikishuka chini ya kiwango hiki, fanya hivi. Kwa wagonjwa walioingia na presha iliyoshuka, vifo vilipungua kutoka 92 hadi 69 kwa kila 100. Kwa wagonjwa wote kwa pamoja vifo havikubadilika, na ni haki kulisema hilo. Mimi ninalisoma hivi: karatasi ya ukutani inasaidia, lakini ina mwisho wake, na pale inapoishia ndipo panapohitaji mtu aliyesoma kwa kina.

Watu hao tunaweza kuwasomesha hapahapa. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina shahada ya uzamili ya uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi. Wenzetu Kenya wana njia mbili: uzamili wa chuo kikuu, na stashahada ya juu ya uuguzi wa wagonjwa mahututi inayotolewa na Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha nchi hiyo (KMTC), ambayo humpokea muuguzi aliyekwisha kusajiliwa, ikamrudisha wodini akiwa na usajili wa ubobezi wake. Hiyo ya pili ndiyo ninayoionea wivu zaidi.

Maana shida yetu kubwa inaanza siku ya mahafali. Namfahamu muuguzi mmoja aliyejisomesha uzamili huo kwa mkopo wa benki. Aliporudi kituoni, hospitali ambayo sitaitaja, alipongezwa kweli, tena kwa keki. Wiki mbili baadaye akapewa ofisi. Sasa anasimamia ratiba za zamu, anasaini fomu za stoo na kuhudhuria vikao. Mara ya mwisho kumshika mgonjwa wa mashine hakumbuki vizuri. "Dada, nilisomea kitanda, nikapewa meza," aliniambia, na hakuwa anatania. Nilimuuliza kwa nini asikatae. Akaniambia ukweli ambao kila mtumishi wa umma anaujua: meza ndiyo yenye cheo, na cheo ndicho chenye mshahara. Mwenzake aliyemaliza naye alikwenda kufundisha chuoni. Huyo walau anafundisha, lakini naye hana kitanda. Anafundisha kwa picha.

Asiyepelekwa mezani huhamishwa. Upo utaratibu wa kuwazungusha wauguzi kila baada ya muda, wa ICU kwenda kliniki, wa macho kwenda ICU, ili kila mtu apate uzoefu na asichoke mahali pamoja. Kwa wodi za kawaida naona mantiki yake. Kwa muuguzi aliyekaa miaka miwili akisomea wagonjwa mahututi, mantiki siioni kabisa. Hakuna anayemtoa daktari bingwa wa moyo na kumpangia kliniki ya meno ili azoee.

Ninachokitaka ni hiki. Muundo wa utumishi wa kada ya uuguzi uruhusu mtu apande daraja hadi juu kabisa akiwa bado anavaa sare na kushika wagonjwa. Muuguzi mbobezi wa ICU mwenye miaka 15 kitandani alipwe sawa na mwenzake aliyechagua utawala, na posho ya zamu ngumu juu yake. Baraza la Uuguzi na Ukunga liutambue ubobezi huo kwenye leseni, ili mganga mfawidhi asiweze kumpeleka popote apendapo kwa barua ya mistari miwili. Na tuongeze njia fupi inayofanana na ile ya Kikenya: mwaka mmoja wa stashahada ya uzamili kwa wenye shahada, sehemu kubwa yake isomewe hospitalini, mwalimu akiwa muuguzi anayefanya kazi mlemle, na mtihani wa mwisho ufanyike kando ya kitanda. Mtahiniwa aambiwe: mpokee mgonjwa huyu kutoka kwa mwenzako wa zamu, tueleze umeona nini. Mtu akishindwa kugundua kwamba dawa ya kupandisha presha imebaki ya nusu saa kwenye pampu na hakuna aliyeandaa nyingine, arudie, hata kama insha zake ni nzuri.

Lakini tusiwafungie wabobezi hawa ndani ya ICU pekee. Utafiti wa hospitali 180 katika nchi 22 za Afrika uliochapishwa mwaka 2025 ulikuta mgonjwa mmoja kati ya wanane waliolazwa ni mahututi, na karibu saba kati ya kumi wa hao wako wodi za kawaida. Mmoja kati ya watano wao alifariki ndani ya wiki. Wapo wodi namba tatu, kitanda cha mwisho, wanapumua mara 35 kwa dakika na ndugu anawapepea kwa kanga. Muuguzi mbobezi angepewa jukumu la kuzunguka wodi hizo kila zamu, na kuitwa na mwenzake yeyote mwenye wasiwasi, wengi wangepata oksijeni, dripu na kulazwa ubavu mapema kabla hawajahitaji mashine.

Kila ninapolizungumza jambo hili hujibiwa hivi: tukiwasomesha wataondoka, Uingereza na nchi za Ghuba zinawasubiri. Wengine wataondoka, ni kweli, na siwezi kumlaumu mama mwenye watoto watatu wa kusomesha. Lakini wauguzi niliozungumza nao hawakuanza na mshahara. Walianza na kuachwa na wagonjwa watatu wa mashine usiku mmoja. Walitaja kuhamishwa bila kuulizwa, na daktari kijana kumkemea mtu mwenye uzamili mbele ya ndugu wa mgonjwa. Walitaja mpira wa kunyonya makohozi unaotumika zaidi ya inavyopaswa kwa sababu stoo hakuna. Mshahara uliingia wa nne au wa tano. Bajeti ya Wizara ya Afya inaposomwa Dodoma, wabunge huuliza jimbo langu limepata vitanda vingapi vya ICU. Mwaka huu mmoja wao aongeze: na hospitali ya mkoa wangu ina wauguzi wangapi waliosomea vitanda hivyo, na kati yao ni wangapi walikuwa zamu jana usiku?